Mitandio Mezani

Walimwita Mama Kata, ingawa hakuwa na mtoto. Jina lilitokana na kazi yake ya kuongoza filamu, maana kila kipande kilipokwisha alipaza sauti "kata!" mpaka majirani wakadhani pamefunguliwa bucha. Mpigapicha wake, mwanamume mpole wa maneno machache, alikuwa na sheria moja tu: kamera haizimwi mpaka mwongozaji aseme. Hata nyumba ikiwaka moto, yeye angeendelea kupiga.

Siku ile Mama Kata alichemka kabla hata maji ya chai hayajachemka. Filamu yenyewe ilikuwa fupi. Binti anatoka kwao kwenda kuanza kazi, amevaa gauni la kawaida, la mikono mifupi, linalopita magoti. Njiani kila anayekutana naye anamtajia Mungu kisha anamtupia nguo ya kujisitiri. Huyu mtandio, yule kitenge, mwingine koti, hadi anafika mlango wa ofisi amefunikwa gubigubi na hatua zenyewe anazipapasa. Onyesho la mwisho ndilo lililobaki, nalo ndilo roho ya filamu: binti anaingia, anazivua zote moja moja, anaziweka mezani, anaketi na gauni lake, anaanza kazi. Bila onyesho hilo hadithi ingeishia mlangoni, na wale wale waliomfunika wangesimama kuipigia makofi.

Tena ilikuwa ni leo au basi. Ofisi waliazimwa na mhasibu aliyekuwa mapumzikoni, na kesho yake anafungua. Sukari, mwigizaji mkuu, naye kesho alikuwa anasafiri kumfuata mumewe aliyehamishiwa mbali.

Wakati taa zinapangwa, shangazi yake Mama Kata akaingia. Huyu alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa ibada, na nguo zote za filamu zilikuwa zake. Mlangoni mwa nyumba yao ya ibada waliweka sanduku la mitandio na vitenge kwa ajili ya wanawake wanaofika, kama alivyozoea kusema mwenyewe, "hawajakamilika." Sanduku zima alikuwa amemwazima mtoto wa kaka yake bila kuuliza la nini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata vitu vyangu."

Alikuwa amesikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu kwamba mwisho wa filamu nguo za heshima zinavuliwa na kutupwa. Alieleza kwa upole kwamba hana neno na filamu, na kwamba nguo zikivaliwa ni sawa, hata zikiongezwa. Kwani binti asiachwe vile vile mlangoni, mbona amependeza? Kisha akaipitishia macho suruali ya Mama Kata hadi kwenye viatu, akashusha pumzi kama mtu aliyeona paa lake linavuja pale pale alipoziba jana.

"Sisi hatumlazimishi mtu," alisema. "Tunashauri tu."

Neno hilo Mama Kata alilijua. Tangu avunje ungo alikuwa anashauriwa. Alishauriwa na mjomba, na majirani, na mwenye duka ambaye kwenye ibada yenyewe hakuonekana hata kwa bahati mbaya. Watu wa ibada ya Ijumaa na wa ibada ya Jumapili walishindwa kukubaliana hata nani atangulie kuomba kwenye mkutano wa mtaa, lakini likija suala la goti la mwanamke, lao lilikuwa moja. Alichoka, na uchovu wenyewe ulimkasirisha.

"Ushauri gani huo, shangazi, ambao jibu lake ni moja tu?"

Shangazi akalivuta sanduku karibu. Alikunja nguo zake moja baada ya nyingine, akazipanga sandukuni, akaomba asaidiwe kulibeba hadi nje. Na mpigapicha, kwa adabu zake, akalibeba.

Hapo Mama Kata akafoka. Alifoka kwa ajili ya filamu, kwa ajili ya wiki nzima ya jasho, akamalizia kwa kusema kwamba wanawake wenyewe ndio wanaoulea ujinga huu. Mtunza mavazi akamkumbusha kwamba kufoka hakuvalishi mtu, na Sukari yuko pale na gauni lake bila cha kuvua.

"Kuna mwenye mtandio humu?" Mama Kata aliuliza, basi tu, ili asionekane amekata tamaa. Aliwajua watu wake, wanawake watupu isipokuwa mpigapicha. Mpambaji alikuja na blauzi ya mikono wazi, na jana tu aliapa kwamba hajazaliwa wa kumfunika. Mrekodi sauti alikuwa amenyoa kichwa kabisa. Mama Kata alikuwa anaomba maji jangwani.

Kisha mpambaji akavuta begi lake, akapekua chini ya brashi na poda, akatoa mtandio uliokunjwa ukawa mdogo kama leso.

"Wa kwa mama mkwe," alisema, bila kumtazama mtu.

Mtunza mavazi akatoa wake, wa kupita pale kwenye kona wanapokaa wazee wa ibada. Mrekodi sauti akatoa wake, wa kwenda kumwona baba. Sukari alikuwa nayo miwili, mmoja wa mume na mmoja wa mawifi, kwa sababu mawifi walikuwa wakali zaidi.

Mama Kata alitaka kuwacheka, tena alitaka kuwagombeza, lakini mkono wake ukaushika mkanda wa begi. Begi lake lilikuwa begani, na alijua kilichomo. Mtandio wa rangi ya maziwa, alionunuliwa na mama yake. Kila alipokwenda nyumbani aliuvaa kabla ya kuingia mtaa ule, na akitoka aliuvua pale pale. Hakuwahi kuuhesabu kama nguo. Aliuhesabu kama ufunguo, ambao bila huo mlango wa mama haufunguki vizuri.

Akautoa. Hakuna aliyesema kitu, na hilo lilimuuma kuliko kuchekwa.

Basi akabadilisha onyesho. Mitandio hii haikufanana na nguo za sanduku, kwa hiyo Sukari asingeweza kuivua peke yake watazamaji wasishangae. Wangeingia wanawake wote, mmoja mmoja, kila mtu avue wake na kuuweka mezani. Mpambaji akauliza kama na yeye mwongozaji ataingia.

"Na mimi," alisema Mama Kata.

Ikawa nzuri. Waliingia, wakavua, wakaweka, na meza ya mhasibu ikajaa rangi. Sukari alijipapasa shingo akitabasamu bila kuambiwa. Mama Kata akawa wa mwisho kuuweka wake, akafurahi, akafurahi kweli kweli, na kwa kuwa leo alikuwa mbele ya kamera badala ya kuwa nyuma yake, akasahau jambo moja.

Watu wakaona kazi imekwisha. Mlinzi wa jengo alikuwa mlangoni anachezesha funguo. Mpambaji akatazama saa, akasema mama mkwe anamsubiri, akachukua mtandio wake, akaukung'uta, akautia begini. Mtunza mavazi akachukua wake. Mrekodi sauti akachukua wake. Sukari akaulizia upi ni wa mawifi, akaonyeshwa, akachukua yote miwili.

Simu ya Mama Kata ikalia. Alikuwa mama yake, akiuliza kama anapita kula, maana na shangazi yuko pale, amekuja na maneno mengi.

"Napita, mama."

Alipomaliza kuongea, mtandio ulikuwa tayari mkononi. Akasimama kwenye kioo cha dirisha, akajitanda, akachomeka ncha kwa vidole vilivyozoea. Alipogeuka akaona taa nyekundu ya kamera inawaka.

"Bado unapiga?"

"Hukusema," alijibu mpigapicha.

Mezani hakukuwa na kitu tena, ila stepla ya mhasibu. Mama Kata alitaka kumwambia afute. Alitafuta wa kumfokea, akawatazama wote mmoja mmoja, hakumpata.

"Usifute," alisema, kwa hasira ile ile ya asubuhi. "Iishie hapo. Kata."

Kisha akatoka na mtandio wake kichwani, kwa sababu chakula cha mama kilikuwa kinapoa.