Sauti Zisizohusika

Bosi wetu huchokonoa masikio kwa kifuniko cha kalamu, hutazama kilichotoka, kisha huvaa hedifoni zilezile ambazo mimi nitazivaa baada yake. Nimekaa naye muda wa kutosha kulizoea jambo hilo, na sijalizoea. Kila asubuhi nazipangusa kwa spiriti, na kila asubuhi kinyaa kinanipanda upya. Na huyo ndiye mtu ambaye chuo kizima kinamwita Sabuni, eti kwa kupenda usafi.

Usafi wake ni wa sauti. Hifadhi yetu ni chumba kimoja nyuma ya maktaba, dirisha lake halifunguki, na ndani yake mna masimulizi ya wazee wa mkoa mzima: wachonga mawe, wakunga, madereva wa malori ya zamani. Sabuni mwenyewe ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba na kinasa sauti, na kwa hilo nampa haki yake. Kazi yangu mimi ni kusikiliza na kuandika yaliyosemwa. Ila kabla hayajanifikia, yeye huyaingiza kwenye kompyuta na kuyaosha. Kikohozi, toa. Jogoo, toa. Mzee akinyamaza kutafuta neno, toa kimya chake, unganisha. Mke akidakia kutoka jikoni kwamba haikuwa hivyo, toa mke. Vyote hivyo anaviita sauti zisizohusika. Wazee wakitoka mikononi mwake wanasema kama wasomaji wa taarifa ya habari, hawana mate wala mapafu. Akishamaliza anafuta nakala ya mwanzo ili kompyuta isijae, na kaseti zenyewe anazitumia tena kurekodia hotuba za mkuu wa chuo, maana mtambo wa ukumbini ni wa kizamani na kaseti mpya hazipatikani.

Nimeshamwambia mpaka nimechoka. Jibu lake ni kwamba mimi nina moyo wa kuokota takataka.

Basi siku moja akaja fundi cherehani, mama wa makamo, kipande cha uzi mweupe kimemnasa begani bila yeye kujua. Alikuwa amefunga duka lake ili aje. Baba yake, mchimba visima, alihojiwa na Sabuni nyumbani kwao miaka ya nyuma, naye sasa ni marehemu. Sabuni akamkaribisha kwa bashasha zote, akamvutia kiti.

"Umekuja kumsikia mzee wetu," akasema.

"Nimekuja kumsikia mwanangu."

"Kwani na mwanao alihojiwa?"

"Hapana, baba. Alikuwa mtoto mdogo. Babu yake akisema, na yeye anadakia, hatulii. Mwaka uleule homa ikamchukua. Sura ninayo, ipo picha. Sauti ndiyo imenitoka. Najaribu kuisikia kichwani, nasikia ya mtoto wa jirani. Juzi redio ikasema huku chuoni mnatunza sauti za watu, nikasema basi, mwanangu yuko huko."

Nilimtazama Sabuni nikidhani uso utamshuka. Wapi! Alikuwa anafikicha mikono, anawasha spika.

Mzee akaanza kusema. Alieleza jinsi walivyokuwa wakichagua mahali pa kuchimba, kamba zilivyosukwa, nani alishuka na nani alibaki juu kuvuta udongo. Maneno yalitiririka bila pumzi. Yule mama aliinamia spika, kichwa kaegemeza upande mmoja, na kila mzee alipobadilisha habari aliinua kidole kidogo, akasubiri, akakishusha. Mara akashtuka.

"Hapo! Hapo alimuuliza babu kama huko chini kunaishi watu. Babu akacheka mpaka akapaliwa."

Hapakuwa na kicheko. Mzee alikuwa ameshaingia kwenye habari za udongo mwekundu. Sabuni akatikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyesifiwa.

"Umeiona kazi hiyo, mama? Huwezi hata kujua kama palikuwa na mtu."

Nilitamani kumwambia neno la kumchoma, nikalizuia kwa ajili ya yule mama aliyekuwa bado anasubiri. Alisubiri mpaka mwisho kabisa, mpaka spika ikabaki inavuma.

"Hayumo," akasema.

"Mzee tumemsafisha. Sasa anasikika vizuri hata kwa wageni. Makelele ya watoto, mama yangu, watafiti hawana haja nayo." Akachukua kalamu yake, akaitoa kifuniko, akakizamisha sikioni huku akimtazama mfiwa usoni.

Niliinuka, maana ningekaa ningetapika. Nikaenda kwenye rafu ya hotuba, nikapekua mpaka nikaipata ile kaseti. Alikuwa amebandika karatasi ya hotuba juu ya karatasi ya mchimba visima bila hata kuibandua ya kwanza.

"Unatafuta nini huko? Humo mna hotuba tupu," Sabuni akasema.

"Hata mkuu wa chuo huishiwa pumzi, bosi. Huenda hakuijaza kaseti yote."

Nikaiweka kwenye mashine ya kaseti, upande wa pili, nikaipeleka mbele. Mkuu wa chuo alikuwa anawashukuru wageni waalikwa. Yakaja makofi, kisha mlio wa kitufe, na ghafla tukawa ndani ya nyumba ya watu. Cherehani inalia chumba cha pili. Mzee anavuta pumzi kwa shida, ana kifua. Na juu ya hayo yote, sauti nyembamba, ya puani kidogo:

"Babu, na mimi niseme. Mimi nakijua kisima kingine."

Yule mama alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mtoeni huyo mtoto," akasema mwanamume aliyekuwa karibu na kinasa sauti. "Anatuharibia kazi."

Cherehani ikanyamaza. Mwanamke akaja, miguu mitupu sakafuni. "Njoo, mwanangu. Njoo huku nje."

"Sijamaliza!" mtoto akalia. "Sijamaliza, mama!" Mlango ukafungwa, na kaseti ikafika mwisho.

Sote watatu tulimjua yule mwanamume. Nikamsubiri Sabuni aseme pole, au asiseme kitu, maana hata kunyamaza kungetosha. Akakohoa.

"Hiyo sauti yangu naweza kuiondoa," akasema. "Ni kazi ndogo tu. Abaki mtoto peke yake, safi kabisa."

Na mkono tayari ulikuwa umefika kwenye mashine. Sijawahi kumchukia binadamu kwa kiasi kile.

"Usiiguse," mama akasema.

"Lakini, mama, ingekuwa nzuri zaidi..."

"Nimesema usiiguse. Umeshamtoa mara mbili, inatosha. Na huyo aliyekuja kumchukua ni mimi. Niliacha kushona nikamtoa mwanangu analia, kwa sababu mgeni kasema. Sote tumo humo, tuache tulivyo."

Nikaitoa kaseti, nikachukua ncha ya mkasi, nikavunja vile vijino viwili vya plastiki vya mgongoni. Vikishavunjika, mashine haikubali tena kurekodi juu yake. Sabuni akapandwa na jazba. Hiyo ni mali ya chuo, mahafali yanakuja, nani kaniruhusu. Nikamwacha aseme. Nikaipachika tena, nikairudisha nyuma mpaka kwenye makofi, nikabonyeza.

Cherehani ikaanza kwenda. Mzee akavuta pumzi. Sabuni alikuwa bado anahesabu kanuni nilizozivunja, sauti juu, mpaka ile nyembamba ya mtoto ikamezwa nyuma yake.

Mama hakugeuka. Alimnyooshea kiganja tu, kama anavyonyooshewa mtoto mtundu mezani.

"Nyamaza," akamwambia. "Mtoto anazungumza."