Aliyemwita Vedasto

Kiharusi kilimnyang'anya Mwalimu Vedasto kila kitu, kikamwachia maigizo tu. Maji ya kunywa hajui kuomba, Dainess aliyemzaa mwenyewe hamjui, lakini mtajie mstari wowote wa michezo aliyowafundisha watu wa Bangwe, atakujibu neno kwa neno. Kama hiyo ni huruma ya Mungu au ni kejeli, mimi simo.

Eufrasia aliposikia, aliacha dagaa wake mchangani Kibirizi akaja vilevile, ananuka samaki. Huyu mzee ndiye aliyemtoa kwenye kuanika dagaa akamsimamisha jukwaani, wakati hajui hata mikono aiweke wapi. Alitaka kitu kimoja tu: Mwalimu amtambue, waagane.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni mimi, Eufrasia."

Macho ya mzee yakampita. Basi akajaribu mstari wa ule mchezo wao mkubwa, binti anaporudi kutoka Kagunga kwa baba aliyemfukuza.

"Baba, nimerudi."

"Mimi sina binti," mzee akajibu.

Sauti ni ileile. Siku waliyoucheza Ujiji, kina mama wa mbele walisimama wakitaka kumpiga Mwalimu, ikabidi ashikwe mkono atolewe kwa mlango wa nyuma, huku anacheka. Eufrasia akaendelea, mstari kwa mstari. Alijua fika kwamba mwisho wake baba anakufa bila kusamehe, lakini kutukanwa kulikuwa afadhali kuliko yale macho yaliyompita. Walipofika mwisho, mzee akafumba macho, kichwa kikaanguka upande.

Kikundi chao kilikuwa na mwiko. Aliyekufa jukwaani haamki mpaka aitwe kwa jina lake tupu, bila cheo wala heshima, kifo kisije kikamzoea. Wengine aliwaita Mwalimu mwenyewe. Yeye aliitwa na mkewe, Clementina, kutoka viti vya mbele, na Clementina amekwisha kuzikwa.

"Mwalimu," Eufrasia akaita. "Mwalimu, amka."

Mzee hakutikisika. Dainess akaja akasimama karibu na kitanda, ameshika kanga mdomoni. Mtu aliyekulea, unamwitaje jina tupu kama mwenzako mnayecheza naye bao? Uchungu ukamjaa Eufrasia, na hofu.

"Vedasto," akasema.

Mzee akafumbua macho. Akamtazama Eufrasia usoni, kwa upendo ambao hakuwahi kumwonyesha mwanafunzi yeyote.

"Clementina," akasema. "Wamelia?"

Eufrasia alitamani kumwambia, ni mimi, mzee wangu, nitazame vizuri. Lakini ni yeye huyu aliyemfundisha kwamba mwenzako humwachi peke yake jukwaani, hata akikosea.

"Wamelia," akajibu. "Wote."

"Na Eufrasia yuko wapi?"

Dainess akageukia ukutani.

"Mwambie aje," mzee akasema. "Nataka kumuaga yule mtoto."

Eufrasia akamshika mkono. "Anakuja."

Mzee akageuza uso kuelekea mlangoni, asimtazame tena. Alimngoja Eufrasia tangu asubuhi ile mpaka alasiri, naye Eufrasia amekaa pale pale, amemshika mkono. Akafa macho yakiwa mlangoni.