Bakteria wa Maji Baridi

Drusilla Mong'ina alirudi kwao Nyaramba, Kisii, mwaka 1971 na shahada kutoka Norwe, pamoja na chupa sita ndogo alizozifunga kwenye barafu. Ndani yake mlikuwa na bakteria aliowatoa kwenye mwani wa bahari ya kule. Katika maabara ya huko Norwe bakteria walikuzwa kwenye agari, mgando unaotengenezwa kwa mwani, na asubuhi moja aliukuta mgando wake umechimbika mashimo ukiwa ndani ya friji. Bakteria hao walitoa vimeng'enya vilivyoyeyusha mwani kwenye baridi kali. Profesa wake alifurahi sana, akamwonya kwamba joto litawaua.

Kisii mjini alipata kazi hospitalini, kupima damu na choo. Chupa alizitunza nyumbani, kwenye friji ya mafuta ya taa, na kila mwezi aliwahamishia bakteria kwenye agari mpya. Mumewe Abner, mwalimu na mzee wa kanisa, hakumkataza, ila aliona haya wageni walipouliza ni kitu gani.

Ijumaa moja mwaka 1974, barua ya profesa ilimfikia hospitalini. Mitambo yao ya baridi ilikuwa imeharibika na bakteria wote wamekufa. Waliobaki ni wa Drusilla tu. Aje nao, kazi ilikuwa yake, na jina lake lingetangulia kwenye ripoti.

Alirudi nyumbani mbiombio. Friji ilijaa soda. Chupa zake zilikuwa dirishani, zimepigwa na jua.

"Nani amezitoa?"

"Ni mimi, asubuhi ulipokwenda kazini," Abner alisema. "Mchungaji anakula hapa kesho. Siwezi kumpa soda moto."

Drusilla alizishika chupa moja moja. Zilikuwa na joto kama chai iliyosahauliwa.

"Ni wadudu tu, Mama Kemuma. Utapata wengine."

Drusilla alizifunga chupa kwa kitambaa chenye maji, akazipeleka hospitalini. Kesho yake, siku ya Sabato, aliwapakulia wageni, na mchungaji akaiombea nyumba hiyo baraka. Kwa wiki tatu alijaribu kuwafufua bakteria kwenye friji ya hospitali. Agari ilibaki nzima, haina hata tundu moja. Akamwandikia profesa mistari miwili. Nafasi ile alipewa mtu mwingine.

Mwaka uliofuata Abner, akitafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, aliiona barua ile ya profesa na kuisoma yote. Alimfuata mkewe jikoni, akamwomba msamaha kwa sauti ya chini, akieleza kwamba hakujua.

"Nimesikia," Drusilla alisema, akachukua mkoba wake akaenda kazini.