Goti la Gharib na Moyo wa Mzizi

Goti la kulia la Mzee Gharib lilikuwa na jina kubwa Ujiji kuliko Gharib mwenyewe. Mtu akikutana naye njiani, hajauliza wanawe, hajauliza mkewe, anauliza kwanza, "Goti halijambo?" Na lilikuwa na haki yake. Goti hilo ndilo lililofunga bao mwaka ule Ujiji walipowafunga majirani zao wa Mwanga, na miaka thelathini na ushei baadaye Gharib alikuwa bado analisimulia bao lile, na kila mwaka lilikuwa linafungwa kutoka mbali zaidi. Kwamba mpira ulimgonga gotini akiwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, hilo huwezi kuambiwa na Gharib. Hilo utaambiwa na Bi Mwamini, mkewe, tena bila kuuliza.

Sasa Gharib ni fundi wa maboti ya mbao, pale ufukweni. Kazi ya kupiga magoti mchangani kutwa nzima, kugongomea misumari, kuziba pamba kwenye nyufa. Umri sitini na moja. Goti likaanza kuvimba jioni, baadaye likavimba mchana, mwisho likawa linaamka limeshavimba, linamsubiri mwenyewe aamke.

Angekaa nalo hivyo hivyo kama si Oswald. Oswald ni nahodha wa maveterani wa Mwanga, Muha mmoja mrefu, mstaafu wa reli, mdomo wake hauna breki. Kila mwaka maveterani wa Mwanga na wa Ujiji wanacheza, na timu ikifungwa inawapikia wenzao samaki wa migebuka na ugali, na juu yake kuwanawisha mikono. Siku moja Oswald kaja ufukweni, kamkuta Gharib anainuka kwa kushika ubao wa boti kama mtoto anayejifunza kusimama dede.

"Mwakeye, mzee wangu!" akamsalimia Oswald kwa Kiha. "Naona goti limeshakata roho."

"Goti zima hili."

"Zima? Hilo bado kuzikwa tu. Wewe Jumamosi ya mechi usisumbuke, kaa nyumbani umsaidie shemeji kukwangua migebuka. Jezi namba kumi na moja mpeni mtu mwenye miguu."

Vijana wa pale ufukweni wakacheka mpaka mmoja akaangusha nyundo. Gharib hakulala. Si kwa goti, kwa hilo la jezi. Kumi na moja aliivaa toka ana nywele. Akaapa Jumamosi ile, zikiwa zimebaki wiki tatu, atacheza hata kama goti litabidi lifuate nyuma kwa bajaji.

Vidonge alikuwa navyo tayari. Yule binti wa duka la dawa alimwambia vizuri kabisa: diklofenaki, kimoja asubuhi kimoja jioni, baada ya kula, siku tano, kisha urudi. Akamwuliza, "Mzee, una ugonjwa mwingine? Presha? Vidonda vya tumbo?" Gharib akajibu hana kitu. Mwanamume anaanzaje kumwambia binti wa watu kwamba ana presha na anamezea dawa mwaka wa sita? Zile siku tano zikawa miezi mitatu, anatuma tu mtoto akanunue. Na ile "baada ya kula" ikawa ni pamoja na kahawa chungu ya alfajiri, maana kahawa nayo si inaingia mdomoni.

Lakini vidonge sasa vilikuwa vinalibembeleza tu goti. Gharib akaenda kwa Feliksi. Feliksi anasifika kwa sindano, anachomea watu chumbani kwake, nyuma ya pazia la maua. Alifanya kazi hospitali miaka kumi na minane. Kazi ya kudeki. Lakini deki miaka kumi na minane pembeni ya madaktari, nawe utaona kama na wewe umesoma.

"Tumbo langu linawaka siku hizi," Gharib akamwambia.

"Kwa vidonge hivyo! Kidonge kinapita tumboni, mzee. Sindano haipiti. Inaingia takoni, inateremka gotini moja kwa moja. Njia ya mkato."

Gharib akaona mantiki. Kutoka takoni mpaka gotini kweli ni karibu. Akashusha suruali. Na vidonge hakuacha, maana vilikuwa vimeshanunuliwa, na kutupa dawa ni israfu.

Wiki ya pili akapanda Mwanga sokoni kumsikiliza Thobias. Thobias ana bajaji yenye spika juu, anauza unga wa mizizi kwenye kopo la plastiki. Siku hiyo amevaa koti jeupe. "Haina kemikali! Mizizi arobaini ya milimani! Goti, kiuno, mgongo, nusu saa tu unacheza! Na ukiona choo cheusi, baba yangu, usiogope, shukuru! Huo ni uchafu wa miaka yote unatoka!"

Gharib akanunua kopo. Nusu saa baadaye, wallahi, goti likanyamaza. Akashuka Ujiji kwa miguu, anapiga teke kila kokoto.

Bi Mwamini ndiye aliyekuwa anamkorogea unga ule kwenye uji. Kwa kuwa ni mwanamke msafi, akauchekecha kwanza. Kwenye chekecheke kikabaki kipande kidogo, kigumu, rangi ya chungwa, kimenyooka upande mmoja, na katikati kina mstari.

"Baba Chande, mzizi gani huu umepigiwa rula?"

Gharib akakichukua, akakigeuza kwenye mwanga. "Huo ni moyo wa mzizi. Ndimo nguvu ilimolala. Haupatikani kwa kila mtu."

"Una mstari."

"Moyo wako wewe umeshauona? Unajua kama hauna mstari?"

Bi Mwamini akarudi kukoroga uji, si kwa kushindwa, kwa kuchoka. Gharib akakifunga kile kipande kwenye karatasi ya sigara, akakichomeka kwenye upindo wa kofia yake, kiwe kinga ya mechi.

Siku nne kabla ya mechi choo kikaja cheusi. Cheusi cha lami, kinang'aa, na harufu yake mbuzi wa jirani walihama. Gharib akashukuru kama alivyofundishwa. Kichwa kikawa kinazunguka akiinuka, akasema ni nguvu inajipanga. Bi Mwamini akamwambia macho yake yamekuwa meupe kama ya dagaa mkavu, Gharib akasema ni wivu.

Jumamosi uwanja umejaa. Namba kumi na moja ameingia anakimbia, watu wakapiga makofi mpaka wengine wakalia. Dakika kumi za kwanza Gharib alicheza kama amekopa miguu. Alimpita Oswald mara moja, akarudi nyuma makusudi ampite mara ya pili. "Lizikeni basi!" akamwambia. Goti halikuuma hata chembe. Hapo ndipo penye ubaya wenyewe: dawa ilikuwa imemziba mdomo yule anayelia, moto umebaki unaendelea jikoni.

Dakika ya kumi na mbili akapewa pasi nzuri, golini hakuna mtu. Gharib akainua mguu. Kisha uwanja ukageuka ukawa juu, mbingu ikawa chini. Alipofumbua macho anatapika kitu kama machicha ya kahawa, na mtu aliyembeba begani mbio kwenda barabarani alikuwa Oswald.

Hospitali wakamtundikia damu, chupa mbili, wakampitishia kooni mpira wenye taa, wakakuta kidonda tumboni kinavuja kama boti lisilozibwa pamba. Daktari aliyemshughulikia alikuwa binti mmoja aitwaye Diana, mdogo, mpole wa sura, ulimi kama wembe.

"Shikamoo babu. Unatumia dawa gani?"

"Situmii kitu."

Bi Mwamini akafungua kanga, akamwaga kitandani: pakiti za vidonge, dawa za presha, kopo la Thobias. "Na sindano za Feliksi ziko matakoni mwake, hizo sikuweza kuja nazo."

Diana akatazama, akavuta kiti. "Babu, wewe ni Mwislamu?"

"Alhamdulillahi."

"Dini inaruhusu kuoa dada wawili wa tumbo moja kwa wakati mmoja?"

"Astaghfirullah! Haramu!"

"Basi wewe umewaoa, na unalala nao chumba kimoja. Kidonge hiki ni diklofenaki. Sindano ya Feliksi, nina hakika, diklofenaki. Hata ukibadilisha jina ukachukua ibuprofeni, ni ukoo ule ule. Zinatuliza uvimbe, kweli, lakini zinachuna ile ngozi laini inayolinda tumbo, na figo zinazichosha, na dawa yako ya presha zinaivuruga kazi."

"Sindano haipiti tumboni," akasema Gharib kwa sauti ya mtu mwenye elimu.

"Inaingia kwenye damu. Damu inakwenda wapi, babu? Inauliza njia ya gotini? Inazunguka kote, na tumbo linachunwa vile vile."

Gharib akaona bado ana shahidi mmoja wa kumtetea. "Mizizi je? Ile haina kemikali. Naweza kukuonyesha moyo wake." Akavua kofia, akafungua karatasi ya sigara.

Diana akakiweka kile kipande kiganjani. Akachukua kidonge kimoja kwenye pakiti, akakivunja, akaweka nusu yake kando. Rangi ile ile. Mstari ule ule.

"Sijaupima unga, siwezi kuapa," akasema. "Lakini huu mzizi umeota kiwandani. Nafikiri na dada wa tatu yumo ndani ya kopo. Na choo cheusi si uchafu, babu. Ni damu yako. Ukiona hivyo unaacha dawa na unakuja hospitali siku hiyo hiyo, husubiri mechi."

Bi Mwamini alikitazama tu kile kipande, kisha akamtazama mumewe, na Gharib, akikirudisha kofiani, angependelea apigwe.

Akaambiwa dawa za ukoo ule basi. Goti likiuma, paracetamol, nayo kwa kipimo chake, na dawa ya kutuliza tumbo, na dukani aseme presha yake hata kama muuzaji ni binti wa watu. Wenzake wasio na kidonda wala presha wanaweza kuzitumia, kidogo, siku chache, na chakula, aina moja tu. Gharib akaitikia yote. Lakini wageni walipokuja kumjulia hali, aliwaambia ni jua. Jua la siku ile lilikuwa kali sana. Angesemaje? Kwamba fundi mzima kauziwa kidonge akakifanya hirizi?

Siku ya tatu akaja Oswald, na machungwa kwenye mfuko.

"Pole, marehemu," akasema, akakaa. "Migebuka ilikuwa mitamu. Wenzako walitunawisha vizuri, na mikono nikawapa miwili."

"Nilikupita mara mbili."

"Ulinipita ukaenda kuzimia. Hiyo si chenga." Akacheka, halafu akafuta jasho, na hakukuwa na joto. "Unajua juzi nilikwenda kukutolea damu? Wakanipima, wakanirudisha. Eti damu yangu mwenyewe haitoshi, nirudi nikaonwe na daktari. Mashine zao mbovu. Mimi niliyekubeba begani!"

Gharib akamwangalia. Macho ya Oswald yalikuwa meupe. Meupe kama ya dagaa mkavu.

Oswald akainama, akashusha sauti. "Sikiliza. Shemeji ameniambia umekatazwa lile kopo la Thobias. Langu limeisha. Lako lililobaki nipe mimi, goti langu nalo, we acha tu. Unafikiri nilikuwa nakimbia kwa nguvu gani?"

Kopo lilikuwa pale juu ya kabati, robo tatu limejaa. Gharib akaliangalia. Shetani naye akaja akakaa kidogo ukingoni mwa kitanda: mwaka kesho, Mwanga bila Oswald, jezi kumi na moja, goli tupu. Na kama atafungua mdomo, mdomo huu wa Oswald usio na breki utaipeleka habari ya moyo wa mzizi Mwanga, stesheni, bandarini, na mpaka kijijini Kagunga watacheka kwa Kiha.

Wodi nzima imejaa wagonjwa na ndugu zao. Gharib akajiinua kwa viwiko.

"Oswald," akasema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia, "choo chako kina rangi gani?"

Mama mmoja akaacha kumenya ndizi.

"Mzee una wazimu?"

"Cheusi? Kinang'aa, kama lami?"

Oswald akatazama kopo. Akatazama ile chupa tupu ya damu iliyokuwa bado imetundikwa juu ya Gharib. "Si... uchafu wa miaka?" akauliza taratibu.

"Uchafu gani, ndugu yangu. Tumeuziwa vidonge wote. Mimi cha kwangu nilikivaa kwenye kofia." Akavua kofia, akampa akione, mstari na yote. Kisha akavuta miguu yake, goti likalia kwa uchungu wa kweli kabisa, akampisha Oswald nafasi kitandani, akageukia mlangoni akaita kwa nguvu zote zilizobaki:

"Daktari Diana! Njoo, mwanangu! Huyu naye kaoa kwenye ule ukoo!"