Turubai Lenye Nafasi ya Kukua

Nilisema "naweza" kabla sijajiuliza kama ni kweli. Mkuu wa karakana ya makumbusho, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa ameuliza kama tumewahi kuunda mfano wa gari kwa mikono yetu, bila kutumia kipande chochote cha dukani. Kwenye usaili tulikuwa tumebaki wawili, na nafasi ya kazi ilikuwa moja. Mwenzangu, kijana mpole aliyesomea uchongaji, alijibu, "Nimewahi." Mimi nikajibu, "Naweza." Niliposhuka ngazi nilijiambia kwamba sikusema uongo, maana kuweza ni jambo la mbele.

Tulitakiwa kuunda gari la wagonjwa la jeshi, lori la zamani lenye turubai nyuma, dogo mara ishirini kuliko la kweli. Kila mmoja alipewa picha ileile, isiyo na rangi, na tukaambiwa turudi nalo Jumatatu.

Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Katika ukumbi mzima wa vita, kati ya vifaru na mizinga, hili ndilo gari pekee lililokwenda kule ili kuwarudisha watu. Nilitaka mtoto ainame, achungulie ndani, aone machela zimetandikwa vizuri, ajue kwamba hata huko kulikuwa na mtu aliyejali shuka isikunjamane.

Nyumbani tuko watatu: mimi, kaka yangu ambaye ni fundi baiskeli, na shangazi aliyetulea kwa kushona sare za shule. Sebule yetu ni ya cherehani yake, sisi wengine tunapita pembeni. Nililiweka boksi langu la vifaa kwenye kona ya meza ya kupigia pasi, na kaka akaja kulikagua akiwa na chai mkononi.

"Miaka yote ile chuoni, kumbe ulikuwa unasomea kuchezea vigari."

"Mwache mwenzio," shangazi akasema bila kuinua macho. "Haba na haba hujaza kibaba."

"Hujaza kibaba, shangazi. Hatujasikia imejaza gereji."

Lakini kesho yake kaka aliniletea spoki za baiskeli zilizokatika, nami nikazikunja kuwa matao ya kushikilia turubai. Akaleta na mpira wa ndani uliochoka, nikaukata vipande vya duara, nikavigandisha kimoja juu ya kingine, vikawa magurudumu. Bodi niliichonga kwenye galoni la mafuta ya kupikia. Taa za mbele zilikuwa vile vifuko vya plastiki vinavyobaki ukishatoa vidonge. Machela nilizitengeneza kwa vijiti vya meno na bendeji, na kila nilipomaliza moja nilizunguka sebule nikiipunga kama bendera.

"Profesa amepata kichaa," kaka akawa anatangaza. "Jamani, mfungieni mlango."

Turubai ndilo lililonitoa jasho. Kwanza nilikata kipande cha kaki ya kaptura za shule. Lori likaonekana kama limejitanda zulia. Unajua, gari unaweza kulipunguza mara ishirini, lakini kitambaa hakipungui nalo. Unene wake ni uleule, na nyuzi zake, kwa dereva mwenye kimo cha kidole, ni nene kama kamba za kufungia ng'ombe.

"Hilo jeshi lina baridi sana?" kaka akauliza.

Nikahamia kwenye tishu. Unazilaza mbili juu ya karatasi ya nailoni, unazipaka gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, unaziacha zikauke taratibu kivulini. Ukizibandua, unapata kitu chepesi, laini, chenye vikunjo vidogo kama ngozi ya mkono. Mbili za mwanzo zilichanika. Ya tatu ilitoka nzima. Nikaipaka kijani, nikaipitishia chai ya rangi ili ichakae kidogo, na Jumapili baada ya chakula cha mchana nikaipeleka kwa shangazi. Mkasi wangu hupinda. Wake haujawahi.

Alivaa utepe wake wa kupimia shingoni, akalisogeza lori mbele yake.

"Mteja asimame wima. Kifua?"

"Shangazi, hiyo ni bodi."

"Kifua ni kifua."

Akapima, akanong'ona hesabu zake, akachukua mkasi. Krap, krap, krap, kwa raha kabisa, huku akiimba chinichini. Kisha akalilaza turubai juu ya matao, akarudi nyuma kulitazama.

Lilifunika magurudumu. Nyuma liliburuta mezani kama gauni la bibi harusi.

"Shangazi," nikasema polepole, "mbona kubwa?"

"Kubwa wapi? Hiyo ni nafasi ya kukua."

"Nafasi ya nini?" kaka akauliza kutoka mlangoni.

"Ya kukua! Ukimkatia mtu sawa na mwili leo, muhula ujao mama yake yuko hapa ananigombeza..." Akalitazama lori. Akaufunika mdomo kwa mkono. "Ee Mola wangu. Kumbe halikui."

Kaka alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama. "Liacheni," akasema alipoweza kusema. "Likifika darasa la saba litalijaa vizuri!"

Nilitaka kulia. Tishu zilikwisha, na hata zingekuwepo, zisingekauka kabla ya asubuhi. Kazi yangu ilikuwa imelala pale mezani, imevaa nguo ya kaka yake mkubwa. Lakini shangazi alikuwa ameshaanza kucheka, kile kicheko chake kinachoanzia mabegani, na mbele ya mabega yale hakuna anayeweza kulia.

"Lete nipunguze, mwanangu."

"Usikate, shangazi! Mkono bado unacheka. Ngoja kwanza nilifunge lisiteleze."

Nikalilowesha kwa brashi, nikaanza kufunga nyuzi ubavuni. Ndipo ile nafasi ya kukua ilipoanza kutafuta pa kwenda. Ilizama kati ya tao na tao, ikafanya vitumbo. Palipokazwa uzi ilijikusanya kama mdomo wa mfuko. Kule nyuma ilizidi mno, hivyo nikaiviringisha juu na kuifunga, na machela zote zikaonekana.

Kaka alinyanyuka, akaisogeza picha ya makumbusho karibu na lori. Vitumbo vilevile. Mikunjo ileile. Nilikuwa nimeitazama picha ile kila siku, na macho yangu yalikuwa yakilikaza turubai lililolegea.

"Ni lenyewe," kaka akanong'ona. Kisha akanirusha juu kama mtoto, na shangazi akapiga kigelegele, jirani akagonga ukuta.

Jumatatu, lori la mwenzangu lilitangulia kukaguliwa. Lilikuwa zuri, milango yake ilifunguka, turubai limewambwa kama ngoma. Mkuu alilizunguka mara mbili.

"Kazi safi. Ila hili limetoka kiwandani leo asubuhi."

Akaja kwangu. Akainama mpaka miwani ikaning'inia. Akagusa turubai kwa ncha ya kidole.

"Hapa limelegea. Umelilegeza kwa hesabu gani?"

Ningeweza kutaja kitabu. "Shangazi yangu hushona sare za shule, mama. Aliliachia nafasi ya kukua."

Alinitazama. Akaitazama picha, akalitazama lori, akavua miwani, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Basi hata waliolishona la kweli walikuwa na shangazi!" Akajifuta macho. "Kazi ni yako. Tulipeleke ukumbini, twende."

Alilibeba mwenyewe kwa mikono miwili. Nilimgeukia mwenzangu. Alikuwa bado anaangalia ile mikunjo.

"Utanionyesha ulivyoilaza?"

"Hata leo. Nawe unionyeshe ile milango."

Akatabasamu, akatangulia mbio kutufungulia mlango. Ukumbi wa kati ulikuwa umejaa wafanyakazi na ndoo zao za kusafishia. Akavuta pumzi, akapaza sauti, "Wii-waa! Wii-waa! Pisheni, wagonjwa wanapita!"

Na wakapisha kweli, wote, migongo ukutani, ndoo mikononi.