Tisa, Kisha Kumi na Sita

Shangazi alikuwa amejifunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono, umkumbushe kufunga mlango. Miaka yote aliyotunza chumba baridi cha jibini hakuwahi kuhitaji uzi. Lakini tangu binti wa kaka yake aunganishe kipimajoto cha chumba hicho na kompyuta, king'ora kilikuwa kimelia mara mbili: nyuzijoto kumi na sita, na jibini halitakiwi kuvuka kumi na tatu. Tajiri wake, mwenye chumba hicho, alishatamka kwamba kikilia tena, mama huyo akapumzike nyumbani.

Binti naye, msomi wetu, alishamwambia kwa ile sauti ya upole inayouma kuliko tusi kwamba labda huwa anasahau mlango. Shangazi hakubisha. Siku hizi alikuwa akitoka, anarudi kuusukuma mlango, anakaa, anarudi tena. Alianza kuamini kwamba akili inamtoka, na hilo lilimtisha kuliko kufukuzwa.

Asubuhi hiyo binti alikizima king'ora ili achunguze mwenyewe, akakaa mbele ya kompyuta huku shangazi akigeuza jibini mle ndani, mlango umefungwa. Namba ikasoma nane. Ikasoma tisa. Kisha kumi na sita.

Akatulia. Joto hupanda kama mtu mzima apandavyo ngazi, hatua kwa hatua. Sasa kumi ilipita wapi?

Akaiamuru programu imwonyeshe data kama ilivyotoka kwenye waya. Zilikuwa biti nane, yaani nafasi nane za alama za kompyuta: nne za kushoto kwa pamoja zimeshika tarakimu ya moja, nne za kulia tarakimu ya sifuri. Ilikuwa kumi, wala si kitu kingine, kila tarakimu na chumba chake. Programu aliyoiandika yeye ndiyo iliyoubomoa ukuta kati ya vyumba hivyo viwili, ikasoma biti zote nane kama namba moja, na kwa hesabu hiyo ile moja ya kushoto huwa kumi na sita. Chini ya kumi chumba cha kushoto ni kitupu, kosa halionekani. Naye aliijaribu siku za baridi, ikampa saba, ikampa nane, akajipigia makofi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja tu wa programu: ya kushoto zidisha kwa kumi, jumlisha ya kulia. Kisha akaenda kwa tajiri, akasema kosa ni lake, na hakutoka mpaka lile onyo la shangazi lilipofutwa. Aibu ilimpata, tena ilimstahili.

Shangazi alimsikiliza akiwa bado na koti lake zito. Mambo ya biti hakuyauliza.

"Kwa hiyo mlango nilikuwa naufunga?"

"Kila mara, shangazi. Mimi ndiye niliyeiamini kompyuta kuliko wewe."

Shangazi akanyoosha mkono wenye uzi, afunguliwe. Binti alijaribu fundo kwa kucha, likagoma. Lilikazwa na mtu aliyeogopa kweli. Ikabidi ainame, atumie meno.