Besi Isiyofika Miguuni

Brigita alipofika mlangoni mwa ukumbi alivua viatu, akampa shangazi yake amshikie, akaikanyaga sakafu ya saruji kwa nyayo tupu. Kisha akasimama. Bendi ilikuwa imekwisha kuanza. Uwesu, mwimbaji, alikuwa katikati ya ubeti wa kwanza, wageni wameinuka vitini, mshereheshaji amemwita bibi harusi mara tatu kwa mbwembwe zote alizonazo. Bibi harusi hakusogea. Jukwaani, baba yake Felician, gitaa la besi mikononi, alielewa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Brigita alikuwa kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimpokonya masikio akiwa na miaka mitatu, lakini muziki haukumwacha, kwa sababu besi ya baba yake iliingilia miguuni. Tangu utotoni, bendi ilipofanya mazoezi uani kwao Mkomaindo, alivua kandambili akasimama karibu na amplifaya ya zamani, boksi kubwa la mbao lenye spika ndani, na hapo alicheza hata waliomwona mara ya kwanza wakabisha walipoambiwa hasikii. Boksi lile lilibebwa na watu wanne wakiguna. Uwesu hakuchoka kusema kwamba siku moja litawaua kwenye kona za kupandia Newala.

Ndipo Felician aliponunua kifaa. Kilikuwa kidogo, kinaenea kwenye mkoba wa mwanafunzi, na kazi yake ni kuiga sauti za amplifaya za kila aina. Unachomeka gitaa upande huu, unachomeka waya wa mitambo ya ukumbini upande ule, basi, mgongo umepona. Zaidi ya hayo, kiliweza kujifunza sauti ya amplifaya yako mwenyewe. Jumapili tatu mfululizo Felician aliweka kipaza sauti mbele ya boksi lake, akakiacha kifaa kisikilize kila mkoromo. Kisha akawavisha watu hedifoni, mmoja mmoja. Uwesu alishindwa kutofautisha. Mpiga ngoma alishindwa. Mkewe Anjelina, aliyelala na kuamka na mngurumo ule miaka ishirini na sita, alivua hedifoni akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Baba Brigita, ndilo lenyewe. Hata kile kikohozi chake kimo!"

Aliwauliza wote wenye masikio. Boksi akawapa kwaya moja ya Lukuledi, nao wakalipokea kwa vigelegele.

Tumtendee haki: Felician hakuwa mtu wa kupuuza watu, na mwanawe alimpenda kuliko mboni za macho yake. Ila kitu unachokiona kila siku ndicho unachosahau kukitazama. Alikuwa amemwona Brigita akicheza kando ya boksi miaka yote ile, akaizoea furaha yake, na kwa kuizoea akadhani inatoka kwenye wimbo. Haikumpitikia kwamba inatoka sakafuni.

Kwa watu wa Anjelina, binti huagwa kwa wajomba zake, ndiyo sababu sherehe ilipandishwa hadi Newala. Mitambo ilikuwa ya kijana mmoja aitwaye Tahiri: spika mbili zilizosimamishwa juu ya vyuma vya miguu mitatu, zinazofaa kwa hotuba na nyimbo za kawaida. Besi ilisikika humo safi kabisa, noti kwa noti. Lakini ilipita juu, usawa wa vichwa vya watu, na chini haikufika.

Felician alipiga nyuzi kwa nguvu zaidi. Akamgeukia Tahiri.

"Ongeza besi!"

"Mzee wangu, nikiongeza hapa zinapasuka. Hizi si za kutikisa nyumba."

Akabonyeza kifaa kwa ncha ya kiatu, akachagua amplifaya nyingine, kisha nyingine. Zilikuwamo mia na ushee, kubwa kubwa, za kujaza uwanja wa mpira kule ziliko, na hata moja haikuweza kutikisa punje ya mchanga sakafuni. Jasho lilimtiririka hadi machoni.

Wageni, kwa upande wao, hawakuona tatizo lolote. Bibi harusi akisimama mlangoni, kila mtu huku anajua maana yake: amegoma, anataka atunzwe.

"Mwali kagoma!" alipaza sauti mjomba Lukmani, mkulima wa korosho wa Kitangari, mwenye furaha ya kuwatosha watu watatu. Akatoka akicheza, akafungua kanga mpya, akaitandika miguuni pa Brigita. "Tembea mama, njia hiyo hapo!"

Mashangazi hawakukubali kushindwa. Kanga ya pili ikatandikwa, ya tano, ya kumi, moja juu ya nyingine, hadi Brigita akawa amesimama juu ya kitu laini kama godoro. Kila walivyompenda ndivyo walivyozidi kumtenga na sakafu.

"Msitandike!" Felician alipiga kelele. "Mwacheni akanyage chini!"

Nani angemsikia? Vigelegele vilikuwa vimefika darini.

Brigita akainua uso, akamtafuta baba yake, akamkunjia nyusi. Ndivyo alivyouliza maswali yake yote tangu utotoni. Na Felician, ambaye kwa mikono yake aliweza kumwambia mwanawe chochote chini ya jua, alikuwa ameifunga mikono hiyo kwenye nyuzi. Akaziachia. Wimbo ukayumba, Uwesu akageuka kwa mshtuko.

"Kaka, vipi tena?"

Felician akamgeukia mwanawe. Akainua mikono, akamwambia mwanawe kwa alama: *Wimbo umeanza. Cheza.*

Brigita aliitazama ile mikono. Akashuka kwenye kanga, akarudi kwenye saruji, akatandaza vidole vya miguu, akangoja kwa utulivu wa mtu anayemwamini anayemngoja. Kisha akajibu kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa umeshika ua.

*Bado, baba. Anza.*

Angemwambia nini? Kwamba alichokitoa nyumbani kwa mikono yake mwenyewe sasa kiko Lukuledi, mwendo wa nusu siku? Kwamba kosa si la binti, wala si la Tahiri, wala si la kifaa, ambacho kiliiga kila kilichosikika? Akaishusha mikono kwenye nyuzi.

"Piga, Baba Brigita, tunaaibika!" Uwesu alinong'ona.

Akapiga. Wanawake wakaanza kupiga makofi, na Brigita, aliyechoka kungoja, akayatazama makofi yao, akaanza kutembea kwa kuyafuata. Alicheza kwa macho. Kila hatua ilichelewa kidogo, kwa sababu jicho halina budi kuona kwanza. "Binti anacheza huyu!" mjomba Lukmani alishangilia, na hakuna aliyembishia. Felician peke yake ndiye aliyejua anachokitazama, na alitamani sana wimbo uishe.

Haukuisha haraka. Brigita alifika jukwaani, mahali ambapo binti huwainamia wazazi. Aliinama, akakiona kile kifaa chenye taa ndogo ya kijani, akaweka kiganja juu yake. Akakiacha kiganja pale kwa muda. Akakiondoa.

Kuna tabasamu ambalo Brigita huwapa watu wanaomsemesha njiani bila kujua kwamba hasikii. Ni la adabu, la haraka, la kumsitiri mtu na aibu yake. Felician alikuwa ameliona sokoni na kanisani mara zisizo na idadi, lakini halikuwa limewahi kumwelekea yeye.

Brigita alimpa tabasamu hilo, akainamisha kichwa kidogo, akapita.